Basi, treni, ndege au gari la kukodi: mkitoka München na marafiki

Tuchukulie mko wanne, wote mnasoma München, na mna siku tatu hadi tano za mapumziko. Mmoja ana pasipoti ya Kenya, wa pili ya Tanzania, wa tatu ni Mjerumani na wa nne Mhispania. Mnataka kuona Vienna, Prague au Venice, au pengine ngome ya Neuschwanstein iliyo hapo hapo Bavaria. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu anatuma picha ya nauli aliyoiona kwenye simu, na ya chini kabisa ndiyo inayopigiwa makofi. Hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Nauli ni jambo la tatu la kuangalia. La kwanza ni karatasi za yule mwenye karatasi dhaifu kuliko wote, na la pili ni saa zinazopita tangu mnafunga mlango wa bweni hadi mnasimama katikati ya mji mnaokwenda.

Karatasi kwanza

Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, au viza ya taifa ya aina D ambayo haijaisha, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kati yao, hadi siku 90 ndani ya siku 180 zozote, mradi pasipoti yake ni hai. Kwa hiyo Austria, Ucheki, Italia na Uswisi ziko wazi. Kroatia iliingia Januari 2023, Romania na Bulgaria zikafunguliwa kikamilifu Januari 2025. Uingereza na Ireland ziko nje ya mpango huo. Mjerumani na Mhispania wanaweza kuamka asubuhi wakapanda ndege kwenda Dublin. Wenzao wawili wanahitaji viza iliyoombwa wiki kadhaa kabla. Msinunue tiketi nne kwa matumaini.

Aliyeomba kuongezewa kibali na kupewa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung aifungue aangalie kisanduku kilichowekwa alama. Kama ni aya ya 4 ya kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kibali chake cha zamani kinahesabika kuwa kinaendelea, naye anaweza kutoka na kurudi Ujerumani. Kama ni aya ya 3, akitoka hana haki ya kurudi kwa karatasi hiyo. Kwa huyo, Neuschwanstein inatosha mpaka kadi ifike, na wenzake wasimtanie.

Jambo jingine: mbebe pasipoti na kadi ya ukaazi zenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu, ingawa ni mipaka ya ndani ya Schengen. Ukirudi kutoka Salzburg, Austria, kwa treni, polisi huingia Freilassing, kituo cha kwanza upande wa Ujerumani. Ukirudi kwa basi, husimamishwa Walserberg kwenye barabara kuu ya A8. Mwenye kadi mkononi hutazamwa kwa sekunde kumi. Aliyeiacha bweni huteremshwa aelezee, na basi haliwajibiki kumsubiri.

Treni za mkoa: mahali pa kuanzia

Kabla ya kulinganisha kingine chochote, angalieni mfukoni. Deutschlandticket, iliyoanza kwa euro 49 mwezi Mei 2023 na sasa, tangu Januari 2026, ni euro 63 kwa mwezi, hukupandisha treni zote za mkoa nchini, pamoja na mabasi ya mjini, tramu na treni za chini ya ardhi. Wanafunzi wengi huipata kwa bei ya chini zaidi kupitia chuo au jimbo. Kwa anayeishi kwa euro 992 za mwezi kutoka akaunti iliyofungwa, ile ya benki inayomruhusu mwanafunzi wa kigeni kutoa kiasi maalumu tu kila mwezi, hii ndiyo fedha iliyokwisha kulipwa. Kila kilomita unayoipata humo ni ya bure.

Haifai kwenye treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC. Ukiingia kwenye treni ya kasi ukiwa nayo, mkagua tiketi atakuhesabu kuwa huna tiketi. Lakini inavuka mpaka mahali pachache, na pazuri zaidi kwa watu wa München ni Salzburg: unapanda treni ya mkoa kituo kikuu, saa moja na dakika hamsini hivi baadaye unashuka Salzburg Hauptbahnhof bila kuongeza senti. Kuelekea Ucheki inakufikisha Furth im Wald mpakani, na kutoka hapo unahitaji tiketi ya Kicheki.

Ambao hawana Deutschlandticket wakate Bayern-Ticket. Inabeba hadi watu watano kwa siku moja: wa kwanza hulipa sehemu kubwa, kila anayeongezeka hulipa kidogo, nayo pia inafika Salzburg. Ina masharti mawili yanayowakamata wageni. Jumatatu hadi Ijumaa inaanza saa tatu asubuhi, si kabla. Na majina ya wote lazima yaandikwe juu yake. Huwezi kumwongeza rafiki mliyekutana naye kwenye behewa.

Sharti la saa tatu ndilo linaloharibu safari ya Neuschwanstein. Kuingia ngomeni ni kwa muda uliopangwa, kwa dakika, na ukichelewa tiketi imekufa. Sasa hesabuni: treni ya baada ya saa tatu, karibu saa mbili hadi Füssen, kisha basi namba 73 au 78 hadi Hohenschwangau, halafu kupanda mlima kwa miguu dakika 30 hadi 40. Mtakaposimama langoni ni saa sita au zaidi. Kwa hiyo mwenye Bayern-Ticket siku ya kazi achague zamu ya saa saba na nusu mchana au baadaye, na mwenye Deutschlandticket anaweza kutoka saa moja asubuhi akachukua zamu ya asubuhi watu wakiwa wachache. Tiketi za ngome wekeni mapema mtandaoni. Ziara ya ndani ni nusu saa tu, na kupiga picha humo ni marufuku. Wanaokwenda kwa ajili ya picha waelekee daraja la Marienbrücke, linalotazama ngome kutoka ng'ambo ya korongo.

Vienna kwa njia tano

Huu ndio mji unaoonyesha tofauti vizuri zaidi, kwa kuwa kila chombo kinafika na umbali ni wa kati, kilomita 435 hivi kwa barabara.

| Chombo | Muda hadi katikati ya mji | Gharama isiyoonekana kwenye nauli |
|---|---|---|
| Treni ya moja kwa moja | saa 4 | kiti, mkitaka kukaa pamoja |
| Treni ya mkoa hadi Salzburg, kisha ya kasi ya Austria | saa 4 na nusu hadi 5 na nusu | hatari ya kukosa ya pili |
| Basi | saa 5 na nusu hadi 7 | muda wa mpakani |
| Ndege | saa 4 hadi 4 na nusu | begi, nauli ya kutoka uwanjani |
| Gari la kukodi | saa 4 na nusu | stika ya barabara, maegesho, nyongeza ya dereva kijana |

Mtu akiiona ndege ya saa moja hudhani ameokoa muda. Anasahau S-Bahn, yaani treni ya jiji, ya dakika 40 hadi 45 kwenda uwanja wa München, saa moja na nusu ya kusubiri na kupekuliwa, dakika za kushuka na kutembea, kisha treni nyingine kutoka Schwechat, uwanja wa ndege wa Vienna, kuingia mjini. Ndege na treni zinafika karibu sawa, isipokuwa kwenye treni umekaa kiti kimoja ukiangalia nje na chakula chako ulichofunga kwenye mkebe, na hakuna aliyekunyang'anya maji.

Mstari wa pili wa jedwali ndio unaopendwa na wanafunzi, na sawa kabisa: mpaka Salzburg mmeshalipia, kilichobaki ni saa mbili na nusu kwenda Vienna. Reli ya Austria, ÖBB, na kampuni ya Westbahn hushindana kwenye njia hiyo hiyo, kwa hiyo nauli zake ukinunua wiki mbili tatu kabla huwa laini. Kasoro yake ni hii: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili. Treni ya mkoa ikichelewa dakika 40, na hilo ni jambo la kawaida, ile ya pili inaondoka, na tiketi ya bei ya chini iliyofungwa kwa treni moja imepotea. Hakuna mnayeweza kumdai. Dawa ni kuacha nafasi ya saa nzima au zaidi Salzburg. Mji wa kale uko mwendo wa dakika 20 hivi kutoka kituoni, muda hautapotea bure.

Anayenunua tiketi moja ya kupita kutoka München hadi Vienna analindwa zaidi. Treni ikitarajiwa kufika ikiwa imechelewa dakika 20 au zaidi, kwa tiketi za Deutsche Bahn, reli ya Ujerumani, ule ufungwaji wa treni moja unaondoka, unapanda inayofuata. Ukifika umechelewa dakika 60 unadai robo ya nauli, na dakika 120 nusu yake. Kwa wenye umri chini ya miaka 27 ipo pia My BahnCard 25, inayopunguza robo kwenye nauli za akiba. Hujilipa yenyewe kwa safari chache tu, lakini hujirefusha kila mwaka usipoikatisha mapema kwa maandishi.

Basi

Basi ni la kwenda Prague. Njia ni fupi, saa tano hivi, na treni ya kwenda huko haina kasi ya kulipita kwa maana. Stendi ya München, ZOB, iko Hackerbrücke, kituo kimoja tu cha S-Bahn kutoka kituo kikuu. Fikeni dakika 15 kabla na hakikisheni namba ya lango, maana mabasi ya rangi ileile hujipanga mengi kwa wakati mmoja yakienda pande tofauti. Hakuna konda wa kuita majina ya miji, na dereva akiondoka hageuki.

Mizigo ndiyo nguvu ya basi: kwenye FlixBus, begi moja la mkononi na moja la chini ya gari zimo kwenye nauli. Kikundi kinachobeba sufuria, mchele na viungo kwa ajili ya jiko la hosteli kitashukuru.

Kuelekea Venice au mbali zaidi, fikirini mara mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, kwa hiyo safari ndefu lazima isimame hata kama njia ni nyeupe. Ongezeni ukaguzi wa mpakani, ambao kurudi Ujerumani hula nusu saa, Jumapili jioni zaidi. Basi la usiku linaonekana kuokoa hela ya kulala, lakini linawafikisha saa kumi na moja alfajiri, mahali ambapo hosteli haitawapa chumba mpaka saa tisa mchana. Mtalipia kifungua kinywa mara mbili na kulala kwenye mabenchi ya makumbusho.

Mkighairi, mara nyingi mnarudishiwa vocha, si fedha, tena baada ya makato. Mmoja akinunua tiketi zote nne, vocha inabaki jina lake. Kila mtu akate yake.

Ndege

Ndege inastahili pale tu treni inapozidi saa nane au kumi: Lisbon, Athens, kusini mwa Italia, Hispania kwa yule mwenzenu anayewaalika kwao. Chini ya hapo ni mtego wa macho.

Anzeni na uwanja. Kampuni za bei nafuu kama Ryanair hutumia viwanja vya pembeni. Memmingen huuzwa kama uwanja wa upande wa München ilhali uko kilomita 110 kutoka mjini. Afadhali huo, maana treni ya mkoa na basi la mji hufika kwa Deutschlandticket. Upande wa pili ndiko huumiza: Beauvais iko kilomita 85 kutoka Paris, Charleroi karibu 60 kutoka Brussels, Bergamo karibu 50 kutoka Milan, na basi la kuingia mjini hulipiwa kwenda na kurudi. Kwa watu wanne, nyongeza hiyo pekee inaweza kushinda tofauti yote ya nauli.

Kisha begi. Lile dogo la bure la Ryanair na Wizz Air lisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. EasyJet huruhusu 45 kwa 36 kwa 20. Pimeni likiwa limejaa, pamoja na magurudumu. Mkoba wa kawaida wa shule huingia, kijisanduku cha magurudumu mara nyingi hakiingii. Ukibanwa langoni unalipa kuliko ulivyolipia kiti.

Na hapa pasipoti zinarudi. Mwenye pasipoti isiyo ya Umoja wa Ulaya hutakiwa na baadhi ya kampuni hizi apite kaunta kukaguliwa karatasi kabla ya kwenda kupekuliwa, hata kama ameshajisajili kwenye simu. Wenzake wawili wanapita, yeye yuko foleni, na kaunta ya Ryanair hufungwa dakika 40 kabla ya kuruka. Mkiwa kundi la namna hii, fikeni uwanjani saa mbili kamili kabla, wote, na nendeni kaunta kwanza. Majina pia yana shida yake: wenye majina matatu waandike kama pasipoti inavyoyagawa, jina la ukoo sehemu yake na mengine yote sehemu ya majina ya kwanza. Kosa likionekana siku ileile ya kununua, rekebisheni palepale. Wiki ikipita huwa ni ada.

Kuna kitu kimoja ambacho kwacho ndege inavizidi vyombo vingine: ikifika imechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la kampuni, safari isiyozidi kilomita 1,500 inakupa haki ya euro 250 kwa kila mtu, bila kujali ulilipa nauli ya euro 19. Wekeni kadi za kupandia na ujumbe wa kampuni. Madai hutumwa kwa kampuni yenyewe kwanza, bila wakala wa kukata asilimia.

Interrail, kwa kifupi

Tiketi hii, inayokupandisha treni za nchi nyingi za Ulaya, si ya Wazungu peke yao: anayeishi Ulaya kisheria, awe Mkenya au Mtanzania, hununua Interrail kwa kuthibitisha ukaazi wake, na hadi umri wa miaka 27 hupata bei ya vijana. Ndani ya nchi unayoishi inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Inafaa kwa mzunguko wa miji mitano au sita. Kwa wikiendi ya mji mmoja ni hasara. Ufaransa na Italia mtalipia nafasi ya kiti juu yake kwenye treni za kasi, na kwa Paris nafasi za wenye tiketi hizi huisha kabla ya tiketi za kawaida. Austria, Ucheki na Ujerumani zina huruma zaidi.

Gari la kukodi

Mkiwa wanne au watano na mnakwenda mahali ambapo treni haifiki, kwa mfano maziwa na mabonde ya milima ya Dolomiti huko Italia, gari hushinda vyote. Kwa Vienna au Prague ni mzigo. Vienna nzima, tangu Machi 2022, maegesho ya barabarani siku za kazi ni ya kulipia na hayaruhusiwi kuzidi muda wa saa mbili; gari lenu litalala kwenye maegesho ya pembezoni huku ninyi mkipanda treni ya chini ya ardhi.

Swali la kwanza ni nani ataendesha. Leseni ya Kenya au Tanzania hukubalika Ujerumani kwa miezi sita tangu ulipohamia. Baada ya hapo huendeshi kihalali mpaka ufanye mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Kampuni inaweza kukukabidhi ufunguo bila kuuliza umekaa muda gani, lakini ikitokea ajali bima ndiyo itakayouliza. Kwa hiyo mara nyingi dereva ni Mjerumani au Mhispania, na aliye chini ya miaka 25 huongezewa ada ya kila siku. Kadi ya benki ya kuwekea dhamana iwe ya mkopo, tena kwa jina la huyo dereva. Wanafunzi wengi hugundua kwenye kaunta kwamba kadi zao ni za akaunti ya kawaida tu.

Hesabu ya mfano, siku tatu, kilomita 800: gari euro 60 kwa siku, 180; ada ya kijana 15 kwa siku, 45; mafuta lita 52 kwa euro 1.70, karibu 88. Jumla 313, sawa na 78 kwa kila mmoja wa wanne, kabla ya barabara. Austria inadai stika ya barabara kuu, na njia ya Brenner, ya kuelekea Italia, hulipiwa kando hata ukiwa na stika. Uswisi huuza ya mwaka mzima tu, faranga 40, hata kama mnapita mara moja. Mkibaki wawili baada ya wengine kughairi, hesabu hiyo inakuwa karibu 157 kila mmoja, na treni imeshinda.

Kabla ya kuondoka na gari, pigeni video ya kuzunguka mwili wote, vioo, magurudumu na kipimo cha mafuta, mfanyakazi akiwa karibu. Fanyeni tena mnaporudisha.

Italia ina lake. Katikati ya Florence, Bologna, Verona na miji mingine mingi ni eneo la ZTL, ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi kwa saa fulani, na kamera husoma namba kila mnapopita. Ramani ya simu haiwaonyi sikuzote. Hakuna atakayewasimamisha. Kampuni ya gari hukata kwanza ada yake ya kutoa jina la dereva, na faini yenyewe hufika kwa posta miezi kadhaa baadaye, wakati Mhispania ameshamaliza muhula na kurudi kwao, na kundi la WhatsApp limenyamaza. Amueni kabla ya kuwasha gari kwamba faini zinagawanywa kwa wanne, iandikwe humo humo kwenye kundi, na euro 30 za kila mmoja zibaki kwa mweka hazina hadi mwaka upite.